Mama Chanuo Apewa Meza

Watoto wa jirani ndio waliompa jina hilo, kwa sababu chanuo halikuwa linamtoka kichwani. Asubuhi limo, jioni limo, sokoni limo, na mara moja lilimfuata mpaka msibani, limesimama wima katikati ya nywele, hadi wifi yake akamvuta pembeni na kumnong'oneza kwamba marehemu hakuomba kusukwa. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alilichomoa, akalitazama kama mtu aliyekutana na rafiki mahali asipomtarajia, akalitia mkobani.

Saluni yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi redio na duka la vyombo vya plastiki. Ina viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na draya lililokufa zamani ambalo siku hizi kazi yake ni kutundikiwa mikoba ya wateja. Kiti cha kwanza ni chake. Cha pili ni cha wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi. Wifi akisuka anaongea, akila anaongea, na Mama Chanuo husema kwamba hata usingizini mdomo wake hubaki zamu.

Mume alipofariki, Mama Chanuo aliishiwa maneno. Hakununa, na kazi hakuacha. Mikono iliendelea kuchana, kugawa na kusuka, na mistari yake ilinyooka kama zamani. Ila mdomoni yalibaki maneno ya kazi tu: inama, geuka, vumilia. Mteja akiingia anatoa pole, anaitikiwa kwa kichwa, basi. Binti yake, anayefanya kazi ya ofisi mji mwingine, alikuwa akipiga simu kila jioni na kuongea na pumzi za mama yake. Wifi naye alijaribu kuziba pengo kwa kuongea maradufu, lakini kelele za mtu mmoja hazijawahi kuwa mazungumzo.

Ndipo akaja Dada wa Kiwandani.

Huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kucha zake zilikuwa na wino usiotoka kwa sabuni, na nywele zake zilikuwa za kumtoa msusi jasho, nyingi na ngumu. Alitaka mistari myembamba kabisa, ile ya kukaa kitini kutwa nzima mpaka makalio yasahau kwamba ni yako. Siku hiyo wifi hakuwepo, alikuwa amempeleka mwanawe kliniki, na saluni ikawa kimya kiasi cha kusikia chanuo likipita kwenye nywele. Dada wa Kiwandani alivumilia, akavumilia tena, mwisho akamtazama Mama Chanuo kupitia kioo na kumwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mafuta ya nywele:

"Nyuma yako kuna moto. Mbele yako kuna mlango, na mlango una jicho. Unafanya nini?"

Mama Chanuo alidhani ni homa. Akaendelea kusuka. Swali likarudi, na safari hii jicho la mlango lilikuwa linapepesa. Liliporudi tena, jicho lilikuwa limeanza kulia. Hapo Mama Chanuo akajikuta anasema, "Nalifuta machozi."

Lilikuwa neno lake la kwanza, tangu msiba, ambalo halikuwa la lazima.

Dada wa Kiwandani alifurahi mpaka akataka kugeuka, akashikwa kichwa arudi sawa. Akaeleza kwamba huo ni mchezo, na yeye na wenzake huucheza mezani siku za mapumziko. Mmoja anaitwa mwenye meza. Yeye ndiye anayesimulia dunia yote: njia, mvua, maadui, milango. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na anasema mtu huyo anafanya nini. Pale isipojulikana kama jambo litawezekana, zinatupwa dadu. Zikikubali, limewezekana. Zikikataa, limeharibika, na hadithi inashika njia nyingine. Hakuna anayeshinda. Wifi aliporudi na kusikia kwamba hakuna anayeshinda, aliuliza sasa watu hukaa hapo wakimngojea nani, kama hakuna wa kuchekwa.

Tangu hapo Dada wa Kiwandani hakuja kusukwa bila hadithi. Nywele zikifika wakati wa kufumuliwa, anaingia, anakaa, na mambo yanaendelea pale yalipoachwa. Kidogo kidogo Mama Chanuo alitoka kwenye "nalifuta machozi" akafika kwenye sentensi, akatoka kwenye sentensi akafika kwenye ubishi. Siku aliyobishana mpaka akasahau kitana mdomoni, wifi alikwenda nje akasimama mlangoni kwa fundi redio, akalia, akarudi akisema ni vumbi.

Kisha kiwanda cha uchapaji kikafungwa. Dada wa Kiwandani akahama, hakuna aliyejua wapi, na namba yake ya simu ikawa inapokelewa na mzee mmoja muuza mbegu ambaye hakuwa na habari zozote, ila alifurahi sana kupigiwa. Alichoacha ni dadu mbili ndani ya kopo la vibanio, alizozisahau au alizoziacha makusudi. Mama Chanuo alikuwa hajamwambia asante. Alikuwa akijiambia atamwambia siku ya kufumua.

Akazichukua zile dadu akawa mwenye meza yeye mwenyewe, bila meza. Mteja alitupia dadu ndani ya kifuniko cha kopo, zisije zikakimbilia chini ya draya. Kwa kuwa mtu anayesukwa hawezi kugeuza shingo, alimwona msimulizi wake kwenye kioo tu, nyuma yake, uso umeinama, mikono inakwenda. Urefu wa hadithi ulikuwa urefu wa kichwa. Mistari minene ilipata jambazi mmoja na daraja moja. Mistari myembamba ilipata vita nzima na harusi yake. Wanawake wengine walianza kuomba mistari myembamba isiyowapendeza hata kidogo, ili tu wajue kama malkia alitoroka. Wifi alilalamika kwamba wateja wa kiti chake walikuwa wakipindisha masikio kwenda kiti cha kwanza, na yeye sasa anasuka vichwa vilivyokwenda upande.

Binti ndiye aliyeleta habari za tamasha la michezo. Lilikuwa linafanyika katika ukumbi wa chuo cha ufundi, watu kutoka kila upande wanakuja kucheza michezo ya mezani, na waandaaji walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea kuendesha meza. Alimwandikisha mama yake kwanza, akamwuliza baadaye. Mama Chanuo alikaa na jambo hilo kimoyomoyo kwa muda. Siku aliyokubali alikuwa anafagia nywele sakafuni, na alimwambia wifi yake pasipo kuinua kichwa kwamba ana asante imemkaa kifuani na mwenyewe hapatikani.

"Yule dada alinipa bila kunijua," alisema. "Na mimi nitawapa nisiowajua. Hiyo ndiyo asante yake."

"Na ikikushinda, wifi?"

Mama Chanuo alisukuma takataka mpaka mlangoni kabla ya kujibu. "Ikinishinda, nitajua alikuwa ananihurumia tu, mjane wa watu. Sitashika dadu tena. Hata hapa."

Wifi alichukua koleo la taka akaenda kumwaga.

Basi siku ikafika. Ukumbi wa chuo ulinuka sabuni ya sakafu. Meza zilipangwa kwa safu, kila moja na namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi, na chini ya namba jina la hadithi. Kulikuwa na vijana, wazee, mama na mabinti zake, na mwanamume mmoja aliyejivalisha mavazi ya vita ya karatasi ngumu, kila akipiga hatua analia kama kitanda kibovu. Mratibu, kijana mrefu aliyekuwa ameshapoteza sauti kwa kuelekeza watu, aliwagawia waliojitolea fulana za kijani. Iliyobaki kwa Mama Chanuo ilimfika magotini.

"Umepewa hema, wifi," wifi yake alimwambia. "Usiku ukikukuta hapa, unalala." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani na chupa ya chai, akaanza mazungumzo na mtu wa karibu kabla hata hajafungua kifuniko.

Meza ya Mama Chanuo ilikuwa karibu na dirisha. Wachezaji wake walikuja wanne. Wa kwanza alikuwa Fundi Matairi, mwanamume mpana, kipara kinachong'aa, aliyekiri mara moja kwamba hajawahi kucheza na kwamba ameletwa na udaku. Wa pili alikuwa Mwanafunzi wa chuo hichohicho, na kitabu kinene cha kanuni kwapani. Wa tatu alikuwa Mwalimu Mstaafu, mama wa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Wa mwisho alifika mbio, Nesi aliyetoka zamu ya usiku moja kwa moja, kitambaa cha kichwa kimefungwa haraka, akaomba radhi kwa kuchelewa na kwa kupiga miayo ambayo alikuwa hajaipiga bado.

Hadithi aliyoiandaa ilikuwa ya mji uliokuwa unazama. Mto umefurika, na juu kilimani kuna jumba la pampu lenye gurudumu la chuma. Gurudumu likizungushwa, maji yatashika mkondo mwingine na mji utapona. Watu wanne wametumwa kulizungusha. Fundi Matairi alichagua kuwa mwizi mstaafu na akaonekana kuridhika sana na hali hiyo. Mwalimu Mstaafu akawa mganga wa ng'ombe. Mwanafunzi akawa mpiga tarumbeta. Nesi akasema yeye atakuwa mtu yeyote aliyelala vizuri jana, wakampa awe askari aliyetoka likizo.

Mama Chanuo alianza vizuri. Alisema maneno aliyoyafanyia mazoezi barabarani, juu ya mvua na mabati. Halafu akaiona mikono yake. Ilikuwa juu ya meza, mitupu, imelala kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine. Akaishusha mapajani, ikapanda yenyewe. Akainua macho apate pa kuyaweka, akakutana na macho manane yanayomtazama usoni, ana kwa ana, bila kioo. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsimulia mtu anayemtazama hivyo. Kumbe alikuwa anasimulia visogo.

Sauti ikawa nyembamba. Aliruka tukio la sokoni, ambalo lilikuwa tamu. Akaruka ugomvi wa mpagazi na mbuzi wake, ambao wateja wake wote waliupenda. Hadithi aliyoipima kwa kichwa cha mistari myembamba ilikuwa inaisha kama ya mtoto wa kusukwa mabutu mawili. Kabla hajajua, watu wake walikuwa wamefika juu ya kilima, wamesimama mbele ya jumba la pampu, wamelowa.

"Mlango ni huu mmoja," alisema. "Wa chuma. Madirisha hakuna. Maji yanapanda."

Fundi Matairi alisugua viganja. Mwizi wake anatoa waya mfukoni, alisema, anautia kwenye kufuli, mambo haya hayasahauliki hata ukistaafu.

Mama Chanuo angeweza kusema kufuli limefunguka. Angesema hivyo, na yote yangekwenda. Lakini alitaka nafasi ya kupumua, hata kidogo tu, na akaitafuta mahali pabaya. Kila mtu aliyewahi kuwa mwenye meza anajua, na Dada wa Kiwandani alimwambia akiwa na nusu ya kichwa kilichosukwa: usitupishe dadu kwenye mlango kama mlango ni mmoja. Zikikataa, utawaingiza wapi?

"Tupa dadu," alisema Mama Chanuo.

Fundi Matairi alizipuliza, akazitikisa karibu na sikio kama anayesikiliza injini, akazitupa. Zilizunguka, zikagonga kitabu cha Mwanafunzi, zikalala. Moja, na moja. Hakuna mbaya kuliko hiyo.

Kutoka meza nyingine vilisikika vicheko vya watu ambao mambo yao yalikuwa sawa. Mwalimu Mstaafu alibadilisha miwani, akazitazama dadu upya, akauliza taratibu kama wamekufa au bado. Fundi Matairi alishusha mikono yake mikubwa chini ya meza.

"Hii ni mikono ya matairi tu, jamani," alisema. "Nimewaharibia."

Mama Chanuo alifungua mdomo amwambie kwamba kosa si lake. Ndani ya mdomo alikuta maneno matatu, yaleyale ya zamani, yamekaa kama wenye nyumba: inama, geuka, vumilia. Mengine yote yalikuwa yameondoka. Kule ukutani wifi yake alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi, chupa ya chai mkononi, na ukimwona wifi amenyamaza katikati ya sentensi ujue kuna jambo.

"Mama, hata sisi hututokea," Mwanafunzi alimwambia kwa upole, akakifunga kitabu chake. "Hatuna haraka."

Nesi alikuwa ameinama akijificha kupiga mwayo, na kitambaa chake kikateleza nyuma. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa na mistari. Upande wa pili ulikuwa umefumuliwa na kuachwa, nywele zimesimama kila moja na njia yake. Macho ya Mama Chanuo yalikwenda pale yenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Akasimama. Fundi Matairi alifikiri anaondoka, akasimama naye nusu ili kumwomba abaki. Lakini yeye alizunguka meza akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Nesi.

"Mwanangu," alisema, "nani amekuacha hivi?"

Nesi alishika kichwa kwa aibu. Akaeleza kwamba alianza kujifumua mwenyewe zamu ilipotulia, mara akaitwa wodini, na baada ya hapo hapakuwa na kutulia tena. Mama Chanuo akamwomba ruhusa. Nesi akavua kitambaa chote.

Chanuo lilitoka kichwani mwa mwenyewe likaingia kichwani mwa mwenzake. Alichana, akagawa, na vidole vilipogusa ngozi ya kichwa mabega yake yote yakashuka. Akauona mstari ambao msusi aliyepita alikuwa ameupotosha, ukatoka sikioni vizuri kisha ukaenda zake. Msusi hafumui kichwa kizima kwa ajili ya mstari mmoja. Anauchukua palepale ulipofika, anaukunja kidogo, anausindikiza, na mwisho watu wanasifu wakidhani ni mtindo.

"Waya umekatikia ndani ya kufuli," alisema, macho kwenye nywele. "Umekatika kwa kelele. Kelele imepita kwenye chuma, imeingia mpaka ndani kabisa." Akasuka kidogo. "Kimya. Halafu mnasikia, upande wa pili wa mlango, mtu anakohoa."

Mwalimu Mstaafu aliweka mkono kifuani.

"Komeo linavutwa. Mlango unafunguliwa toka ndani. Amesimama mzee na taa, amevaa shuka, amekasirika, anauliza ni nani anayemharibia kufuli."

Mikono ya Fundi Matairi ilipanda polepole kutoka chini ya meza. "Kwa hiyo kelele yangu ndiyo imemwamsha?"

"Ungelifungua vizuri," Mama Chanuo alisema, "asingeamka."

Baada ya hapo hadithi haikushikika. Mzee wa taa alikuwa mlinzi wa pampu, na alikataa katakata gurudumu lisiguswe, kwa sababu mkondo mwingine wa maji ulipita juu ya nyumba yake. Kuokoa mji kulikuwa ni kuzamisha kitanda chake, masufuria yake na picha ya harusi yake. Jambo hilo Mama Chanuo hakuliandaa. Lilimjia mstari ulipokuwa unapinda nyuma ya sikio. Wale wanne walibishana. Mwalimu Mstaafu alimsomesha mzee juu ya wajibu mpaka mzee, kwa mdomo wa Mama Chanuo, akamwuliza kama na yeye ana nyumba iliyolowa. Mwanafunzi alitaka kupiga tarumbeta ili kumtisha, akazuiwa. Ni Nesi aliyetoa shauri, akiwa anatazama mbele tu kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeshikwa: kwanza waende wote wanne kwa yule mzee, wamhamishie vitu vyake, ndipo walizungushe.

"Na maji yanapanda," Mama Chanuo alimkumbusha.

"Yapande," Nesi alijibu. "Tutabeba mbio. Mimi nimetoka likizo."

Wakabeba. Mwizi mstaafu alibeba kitanda mgongoni, na Fundi Matairi alitaka ijulikane kwamba kilikuwa cha mninga, si cha mbao nyepesi. Mganga wa ng'ombe alibeba masufuria. Mpiga tarumbeta alibeba picha ya harusi akiwa ameiinua juu ya kichwa, maji kifuani. Walipolishika gurudumu na dadu zikatupwa, watu wa meza za jirani walikuwa wamekwisha simama kuzunguka, hata yule wa mavazi ya karatasi, ambaye aliambiwa asipumue kwa nguvu kwa sababu analia. Dadu zilikubali kwa shida, kwa nukta tu, na gurudumu likazunguka kwa shida vilevile, huku likilalamika. Fundi Matairi alifuta kipara kwa kiganja kama mtu aliyelowa kweli.

Mratibu alikuja na sauti yake iliyokauka kuwaambia kwamba muda wa meza umekwisha na wengine wanangoja. Hakuna aliyeinuka. Upande wa kushoto wa kichwa cha Nesi ulikuwa bado.

"Kichwa hakiachwi nusu, mwanangu," Mama Chanuo alimwambia Mratibu, na Mratibu akawatazama waliokuwa wakingoja, nao wakasema wao watasimama tu, hawana neno, mzee amehamia wapi sasa?

Basi alimalizia kichwa akisimulia alikohamia mzee wa taa. Mwanafunzi alimwuliza kanuni anazotumia ni za kitabu gani, kwa kutaka kujua kweli, na yeye akamjibu kwamba ni za mtu. Akawaeleza kwa ufupi habari za Dada wa Kiwandani, wino wa kwenye kucha na jicho la mlango. Hakuwaambia yote. Alipofunga nywele za mwisho alimshika Nesi mabegani, akasema asante, akairudia.

Nesi aligeuka, hatimaye, akamtazama. "Mama, mimi ndiye niliyesukwa bure, na wewe ndiye unayeshukuru?"

"Nilikuwa nimekwama pale mlangoni pamoja nanyi," Mama Chanuo alisema. "Ukanipa pa kushika."

Wifi alikuwa ameshafika na chupa ya chai. Aliwamiminia wote, vikombe havikutosha, wakanywa kwa zamu. Alimtazama wifi yake ndani ya fulana ya kijani, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema ile hema sasa imeanza kumkaa. Fundi Matairi aliuliza kama mchezo huu unaweza kuchezwa kwenye karakana, kwa maana wateja wake hukaa juu ya tairi wakisubiri na kazi yao ni kutazamana. Mama Chanuo alimwambia aanze na yeyote aliyenuna kuliko wote.

Mratibu alimwuliza kama angeweza kuendesha meza tena kesho.

"Nitakuja," alisema. "Ila katika wachezaji wangu, mmoja awe na nywele."

Mratibu, bila kukusudia, alikitazama kipara cha Fundi Matairi. Fundi alisema asijali, yeye kesho atakuja na mkewe.

Asubuhi ya pili kibao cha meza ya dirishani kilikuwa na namba yake na jina la hadithi, na chini yake Mratibu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyingine: "Anatakiwa mchezaji mmoja mwenye kichwa cha kusukwa." Wanawake watatu na kijana mmoja mwenye nywele ndefu walikuwa wameshafika, wamevua vilemba na kofia, wanabishana ni kichwa cha nani kimechakaa zaidi, na wifi amejiteua kuwa hakimu, anavikagua kimoja kimoja na kuvitolea maneno. Mama Chanuo alisimama mlangoni mwa ukumbi akawatazama. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, cheko la sauti, la kutoka tumboni, ambalo wifi yake alilitambua kwa mbali kabla hajageuka.